Swali Uliloniuliza Mbele za Watu

Yaya Bahati,

Nakuandikia kwa Kiswahili, kama ulivyotaka siku zote. Ulikuwa ukinikasirikia nikikujibu kwa Kiingereza ndani ya nyumba. "Hicho kiache mlangoni pamoja na viatu," ulikuwa ukisema. Nimekiacha. Na jina la Yaya sijaliacha, ingawa wenzangu Watanzania hapa bado wananicheka, maana kwao yaya ni mtu anayelea watoto wa wengine, si kaka mkubwa kama kwetu. Nawaambia kwangu ulikuwa vyote viwili.

Sikupanga kukuandikia leo. Niko kwenye mazoezi ya ualimu katika shule moja ya mtaa wa Malvern, karibu na barabara ya Jules, nafundisha historia. Ndiyo, ile ile uliyosema haijazi sufuria. Asubuhi mwalimu anayenisimamia aliandika ubaoni mada ya mdahalo wa Ijumaa: je, utumwa ndio uliosababisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani? Akanigeukia, akanikabidhi chaki, akaniambia niwaeleze wanafunzi hoja za pande zote mbili.

Nilisimama pale, Yaya, na chaki mkononi. Watoto wakaanza kutazamana. Niliomba ruhusa, nikaenda chooni, nikafungua bomba ili wasinisikie. Kisha nikanawa uso, nikarudi, nikafundisha. Nilichofundisha sikikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba kengele ilipolia nilikuwa nimeshaamua kukuandikia, kwa sababu kuna jambo nimelifanya na sitaki likupate kwa njia nyingine.

Lakini kwanza habari. Ile fleti yetu ya Joubert Park nilihama. Nilijaribu kubaki, nikashindwa. Nilikuwa nikisikia lifti ikisimama kwenye ghorofa yetu, nainuka kukufungulia. Sasa nakaa mtaa wa Observatory, chumba cha nyuma kwa mama mmoja wa kanisani kwetu. Ana bustani ndogo, nimepanda mihogo nichume majani ya sombe, na baridi ya hapa imeiua mara mbili. Koti lako la ulinzi kazini walilitaka, nikalirudisha. Buti walizisahau, ninazo.

Sasa turudi kwenye ile mada.

Unakumbuka ilivyoingia nyumbani kwetu? Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho kasoro mmoja wa sekondari, nimechaguliwa kuwa msemaji wa kwanza wa timu ya shule. Nilirudi nimejaa furaha. Wewe ulikuwa unafua shati la kazi kwenye beseni. Nilikueleza yote kwa pumzi moja: kwamba majimbo ya Kusini ya Marekani yalijitenga, Kaskazini wakasema hakuna kujitenga, wakapigana wao kwa wao, kwamba mpaka leo kuna watu wanaosema vita vile vilihusu kodi na haki za majimbo, na wengine wanaosema vilihusu utumwa, na kwamba mimi nitasimama upande wa utumwa. Nilingoja uniambie hongera.

Ulicheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Ulikamua lile shati mpaka nikadhani litachanika, ukasema, "Hakuna mtu aliyewahi kwenda vitani kwa ajili ya mtumwa, Riziki. Hata mmoja."

Nikakuambia hujasoma habari zao. Ukasema, "Sihitaji kusoma. Wakubwa wanapigania ukubwa. Mtumwa ni kitu wanachokiokota njiani."

Nyumba ikawa ngumu baada ya hapo. Kila nilipofungua vitabu ulipandisha sauti ya redio. Nilipofanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo, ulitoka ukabamiza mlango. Jirani yetu aliuliza kama tumegombania urithi. Bugali, ule ugali wetu, bado uliupika, ukaniwekea wangu, lakini ulikula umesimama dirishani, umenipa mgongo. Na mimi niliumia, halafu nikakasirika. Nilijiambia kaka yangu ananionea wivu kwa sababu mimi nasoma na yeye analinda geti la duka. Kumbe sikujua naishi na nani.

Jumapili moja baada ya ibada ulinivuta mkono. Hukusema tunakwenda wapi. Tukaketi kwenye bustani ya Joubert Park, karibu na wale wazee wanaocheza chesi kubwa ya ardhini, wanaobeba farasi na askari kwa mikono miwili kama watoto wachanga. Jua lilikuwa kali. Uliwatazama wao, si mimi, ukaanza kuongea.

Uliniambia kuhusu ule mwaka uliopotea. Nilikuwa mdogo mno wakati ule kule kwetu Uvira. Nilijua tu kwamba ulitumwa sokoni hukurudi, kwamba Mama alikaa kizingitini akigoma kuingia ndani, na kwamba siku moja ulirudi umekonda, ukalala, ukaamka, na hakuna aliyeruhusiwa kukuuliza. Baadaye Mama alipokataa kuiacha nyumba na kaburi la Baba, wewe ulinichukua mimi tukashuka huku Afrika Kusini. Hayo niliyajua. Sikujua kilichokuwa katikati.

"Walitukamata njiani," ulisema. "Watu wenye bunduki. Wakatubebesha: risasi, unga, hata godoro la mkubwa wao. Aliyeanguka hakuinuliwa. Hawakutuita kwa majina. Walipotaka kuondoka walisema, 'Leteni mizigo,' na mizigo ni sisi."

Baadaye wakakupeleka kwenye shimo la madini, ukachimba, ukavuta lile vumbi mchana kutwa, ukala walichobakiza, mpaka usiku mmoja ukawatoroka, ukarudi kwetu kwa miguu kupitia msituni. Ulinionyesha mabega yako pale pale bustanini, ukafunga tena kifungo haraka kama mtu aliyekosa adabu.

"Mtumwa ni mimi," ulisema. "Neno lenyewe sijawahi kulitamka mpaka leo. Na wewe unataka kusimama mbele ya watu useme kuna nchi ilipigana kwa sababu ya watu kama mimi? Kama ni kweli, mbona mimi hakuna aliyenijia? Kila jeshi lililopita pale lilitaka shimo. Hakuna lililotutaka sisi."

Nilitaka kukushika. Hukutaka kushikwa. Mzee mmoja alisogeza malkia wake na wenzake wakapiga kelele, na wewe ukangoja zipungue ndipo ukasema lile la mwisho: "Usinitie kwenye hotuba yako. Na Mama asijue. Mtu yeyote, lakini hasa Mama."

Niliahidi, Yaya. Ilikuwa ahadi ya kweli.

Mwalimu Mokoena, aliyekuwa akitufundisha mdahalo, aliona nimebadilika. Akanikumbusha kwamba nina hoja zote: Kusini wenyewe walipojitenga waliandika sababu zao, na utumwa uliandikwa humo waziwazi. Akauliza nakwama wapi. Sikuweza kumwambia kwamba mpinzani wangu halisi haongei kwenye jukwaa. Yuko nyumbani, anapiga pasi suruali ya kazi.

Siku ya mdahalo hukuniambia utakuja. Ukumbi ulikuwa umejaa wazazi na walimu wa shule zote mbili. Nilikuwa tayari nimesema hotuba yangu niliposikia mlango wa nyuma, nikakuona umevaa koti lako la ulinzi, kofia mkononi. Hapakuwa na kiti. Ukasimama.

Yule kijana mrefu wa shule ya pili alikuwa hodari, hilo tulikubaliana wote wawili. Alisema serikali ya Kaskazini yenyewe ilitangaza mwanzoni kwamba inapigania muungano, si watumwa. Alisema watumwa walikuwa jambo la pembeni, kitu walichogombania watu wengine. Alitumia karibu maneno yako yale yale, Yaya, ila yeye aliyasema kwa tabasamu.  Nilikuwa na jibu mdomoni, jina lako likiwa ndani yake, na ningelisema ukumbi ule ungenyamaza wote. Nikalimeza. 

Kisha mwenyekiti akakaribisha maswali kutoka kwa wasikilizaji, na wewe ukainua mkono.

Nilitamani ardhi inimeze. Ulianza kwa Kiingereza, kikakwama. Watoto wawili wa mbele wakacheka. Ukanitazama, ukasema kwa Kiswahili, "Riziki, wewe watafsirie. Usipunguze kitu."

Mwenyekiti akaniuliza kama namfahamu huyu bwana. Nikasema ni kaka yangu. Ukumbi ukaguna. Akasita, kisha akaruhusu.

Ukauliza, na mimi nikatafsiri sentensi kwa sentensi swali lililoelekezwa kwangu mwenyewe: "Mnasema vita vile vililetwa na utumwa. Kabla ya risasi ya kwanza, nani alikwenda kule mashambani akawauliza wale watumwa wanataka nini? Kama hakuna, basi msiseme vita ni vyao. Semeni ni vya mabwana. Na wewe dada yangu, ukisema wao ndio chanzo, unawapa nini? Unawapa heshima, au unawapa lawama?"

Yule kijana mrefu akapiga makofi. Alidhani uko upande wake.

Karatasi zangu zilikuwa mbele yangu na hakuna hata moja iliyokuwa na jibu hilo. Nikaziacha. Nikasema, "Hakuna aliyewauliza. Ni kweli. Na wao hawakungoja kuulizwa." Nikasema kwamba miaka na miaka kabla ya vita walikuwa wakitoroka, na kila aliyetoroka aliwatia mabwana wa Kusini kiwewe, wakadai sheria za kumrudisha, Kaskazini wakazipinga, ugomvi ukazidi kuwaka. Nikasema vita vilipoanza na majenerali wa Kaskazini wakadai hawakuja kumkomboa mtu, watu waliweka majembe chini, wakabeba watoto wao, wakatembea mpaka kwenye kambi za jeshi. Wakaja wengi hata majenerali hawakujua wawaweke wapi. "Ni miguu yao iliyoilazimisha serikali ijibu swali ililokuwa inalikwepa," nilisema. "Waliopigana hawakwenda vitani kwa kuwapenda watumwa. Kusini walikwenda kwa sababu hawakutaka kuwaachia. Na mtu hamfungi mwenzake kwa minyororo, akampigania mpaka kufa, kama anaamini kweli kwamba ni mzigo. Mzigo hautoroki."

Nilikuwa nimesema kwa Kiingereza. Ikabidi nikutafsirie. Sentensi ile ya mwisho niliimalizia kwa kunong'ona, mimi na wewe tukitazamana juu ya vichwa vya watu wote wale ambao hawakujua kinachosemwa. Sikukutaja. Lakini neno lilikuwa lako, na uliliona limekugeukia.

Hukutikisa kichwa, hukutabasamu. Ulivaa kofia yako ukatoka, zamu yako ilikuwa inaanza.

Tulishindwa. Waamuzi walisema nilitoka nje ya mpangilio na kula muda wa wenzangu. Mwalimu Mokoena hakuniongelesha ndani ya basi. Nilifika nyumbani nikaketi gizani hata taa sikuwasha, nikiwaza kwamba nimekupoteza. Uliporudi kutoka zamu ulisimama mlangoni, ukavua viatu polepole, ukasema, "Sijakubali. Lakini umenijibu." Kisha ukaketi mezani. Siku ile ulikula umeketi.

Tangu hapo tukawa tunabishana kama watu wanaocheza karata. Wewe ukisema kwetu vita ndivyo vilivyozaa utumwa, mimi nikisema kwao utumwa ndio uliozaa vita. Wewe ukisema, "Eish, kuku na yai," mimi nikisema hapana, kuna anayeanza, lazima tumjue, vinginevyo kila mwenye bunduki atasema alimkuta mwenzake ameanza. Hukuwahi kukubali. Ulizidi tu kuuliza vizuri zaidi.

Halafu kikaja kifua.

Sitaki kuandika mengi ya hospitali. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamechakaa kwa vumbi la zamani, akauliza ulifanya kazi gani huko nyuma. Ukamjibu, "Mlinzi." Ulilala umeketi, kwa sababu ukilala chali ulikabwa. Ulikuwa ukiniuliza nimesoma nini siku hiyo. Na mara ya mwisho nilipokuwekea mto mgongoni, ulinishika kidole kimoja tu, ukasema, "Mama asijue."

Tukakuzika. Kwaya iliimba kwa Kifaransa na Kiswahili. Niliishika simu juu ya kaburi ili Mama asikie udongo ukishuka, maana alisisitiza kusikia. Wenzako wa kazini walikuja na sare zao, wakapiga saluti, watu wazima hawa, wakilia.

Sasa hili nililolifanya.

Baada ya msiba Mama akawa hashiki simu vizuri. Anajibu kwa neno moja moja. Nilidhani ni huzuni. Mwishowe nikampata yule binti wa jirani anayemsaidia kuchota maji, ndiye aliyeniambia. Kuna maneno yameenea mtaani Uvira, kwamba wewe mwaka ule ulikuwa msituni na bunduki. Kwamba ulikwenda kwa hiari. Kwamba ndiyo maana ulirudi kimya, na ndiyo maana ulikimbilia mbali hivi. Kuna akina mama waliopoteza watoto miaka ile ambao sasa kanisani wanahama benchi Mama akiketi. Alipoomba ibada ya kukukumbuka, wazee wakamwambia asubiri.

Na yeye hakuwa na la kuwajibu, Yaya. Ulimwacha bila jibu. Ulidhani unamkinga.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima.  Nilikuwa nikipita kwenye robot, zile taa za magari, pale Jules natukanwa na madereva kwa sababu nimesimama katikati ya njia. Nilikuwa nakugombeza kwa sauti, watu wakigeuka. Nilikuambia: aibu hii uliyoificha ni ya wale waliokubebesha. Wewe umeitunza kana kwamba ni mali yako, na sasa Mama ameirithi. Nilikuambia: mtu akinyamaza juu ya mtumwa, wanaobaki kusimulia vita ni wenye bunduki peke yao. Nilingoja unijibu. Hili hukunijibu.

Jumamosi asubuhi Mama alipokea simu mwenyewe. Kabla sijasema kitu akasema, "Riziki, mimi si mtoto. Mwanangu alikuwa wapi?"

Nikamwambia. Yote, tangu njia ya sokoni mpaka shimoni, mpaka ule msitu ulioupita peke yako kurudi kwake. Hakunikatiza. Nilisikia jogoo upande wake, nikasikia mtu akimpigia hodi na yeye asiitikie. Nilipofika kwenye mabega nilisita, akasema, "Endelea." Nikaendelea. 

Nilipomaliza akasema, "Mbona hakuniambia nimkande?"

Hakusema kingine. Hakuuliza ulikuwa nani, hakuuliza ulimfanya nani nini. Alikuwa na mafuta ya mawese ndani ya nyumba mwaka ule wote uliporudi, ulilala umbali wa mkono wake, na hakuruhusiwa kukukanda mabega. Hilo ndilo lililomuumiza. Si utumwa wako. Kimya chako.

Sikuombi msamaha, Yaya. Nimeligeuza kila upande na sioni pa kuombea msamaha. Ulinifundisha nisipunguze kitu ninapotafsiri.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, Mama alisimama kanisani bila kuitwa. Binti wa jirani alinirudia maneno yake: "Mwanangu hakubeba bunduki. Alibebeshwa mizigo yao, akawatoroka, akarudi kwangu kwa miguu. Kama kuna mwenye mtoto aliyepotea miaka ile, aje nyumbani, nitamwambia nilichoambiwa." Kisha akaketi.  Jioni akaja mama mmoja, mmoja wa wale waliokuwa wakihama benchi, akaketi jikoni kwa Mama mpaka moto ukazimika. Kijana wake alichukuliwa kwenye njia ile ile. Huyo hakurudi. Sasa anakuja kila siku, anataka kusikia tena habari za lile shimo, kwa sababu ni mahali pa kwanza mtu amempa ambapo anaweza kumfikiria mwanawe akiwa hai.

Wengine bado wanasema ni uongo. Wataendelea kusema. Sikudanganyi kwamba mambo yamekwisha.

Pumzika, kaka yangu. Pumua vizuri huko uliko, lala chali. Ahadi ya kunyamaza siwezi kukupa tena, basi pokea hii badala yake: shule zikifungwa Desemba napanda basi, nchi kwa nchi, mpaka Uvira. Ibada yako itafanyika, wazee wakitaka wasitake. Nitaketi na Mama benchi la mbele kabisa, na yeyote mwenye swali juu yako atageuza uso wake aniulize mimi.

Mdogo wako,
Riziki